Kusoma Picha ya Rada: Rangi Nyekundu Inatuambia Nini Kuhusu Mvua ya Mawe?



Siku hizi picha za mawingu zenye rangi nyingi zinapita kwenye simu zetu kama habari za harusi. Mmoja anaituma kwa kikundi na maneno matatu tu: "Kericho ni nyekundu!" Basi wachumaji wanaacha majani shambani, wanakimbia nyumbani, na jua linaendelea kuwaka mpaka jioni. Lori la kiwanda likifika kituoni linakuta vikapu nusu. Siku nyingine picha ni safi kabisa, watu wanachuma bila wasiwasi, na saa tisa mawe yanaanguka na kupasua kila jani changa lililokuwa tayari.

Je, picha ilidanganya? Mara nyingi hapana. Sisi ndio hatukuiuliza maswali. Picha ya rada inatoa habari ya kweli, lakini habari hiyo ni ya mahali fulani, ya saa fulani, na ya urefu fulani angani. Katika somo hili tutajifunza kuiuliza maswali manne kabla ya kuamua lolote kuhusu kazi ya shamba. Msome pamoja, polepole, na mfanye zoezi lililo karibu na mwisho. Mwenye kalamu na aandike.

KWA NINI SOMO HILI NI LETU

Hakuna sehemu nyingi duniani zinazopigwa na mvua ya mawe kama huku kwetu. Mwaka 1965 zilihesabiwa siku 132 za mvua ya mawe katika eneo la Kericho kwa mwaka mmoja tu. Hiyo ni zaidi ya siku moja katika kila tatu! Milima ya Nandi nayo haiko mbali na hali hiyo.

Sababu kubwa ni mahali tulipo. Mchana upepo wenye unyevu hupanda kutoka Ziwa Victoria kuja huku juu. Upepo mwingine hutoka mashariki. Zikikutana juu ya nyanda zetu, hewa haina pa kwenda ila kupanda. Ndiyo maana mawingu makubwa hujijenga baada ya chakula cha mchana, na ndiyo maana mawe huja zaidi saa za alasiri.

Ndani ya wingu kubwa, hewa inayopanda hubeba matone mpaka kwenye baridi kali. Katika sehemu zetu za dunia, maji huanza kuganda kwenye urefu wa kama mita 4,500 hadi 5,000 juu ya usawa wa bahari. Tone lililoganda hugongana na matone mengine ya baridi, yanashikana nalo, nalo linakuwa kubwa. Likishakuwa zito kuliko nguvu ya upepo unaolibeba, linaanguka.

Sasa angalieni jambo hili. Kisumu iko kwenye urefu wa kama mita 1,100. Jiwe la barafu linaloanguka huko lina safari ya zaidi ya kilomita 3 katika hewa ya joto, na mengi huyeyuka njiani yakawa mvua ya kawaida. Mashamba ya chai ya Kericho yako kwenye mita 2,000 hivi na zaidi. Safari ni fupi, na jiwe hufika likiwa bado jiwe. Wingu ni lile lile, lakini aliye juu mlimani hupata hasara ambayo jirani yake wa bondeni hakuiona.

Watu wamejaribu kupigana na mawe haya kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1960 roketi za kulipuka zilirushwa kwenye mawingu ya Kericho. Baadaye, mwishoni mwa miaka hiyo na katika miaka ya 1970, ndege zilitumwa kupuliza moshi wa iodidi ya fedha chini ya mawingu, ili barafu igawanyike iwe vipande vidogo vingi badala ya mawe makubwa machache. Mpaka leo wataalamu wa dunia hawajakubaliana kama njia hizo zinazuia mawe kwa kiasi cha kuaminika. Kwa mkulima mdogo, basi, kinga iliyo karibu ni kujua mapema kidogo. Na hapo ndipo rada inapoingia.

RADA INAFANYAJE KAZI?

Simama upande mmoja wa bonde upige kelele. Sauti inakwenda, inagonga upande wa pili, inarudi. Ule ni mwangwi. Ukihesabu muda kati ya kelele na mwangwi, unaweza kukadiria upana wa bonde.

Rada inafanya vivyo hivyo kwa mawimbi ya redio. Ina sahani kubwa inayozunguka, mara nyingi ndani ya kuba jeupe kama mpira mkubwa. Sahani inatuma wimbi fupi, kisha inanyamaza na kusikiliza. Wimbi likigonga matone ya mvua au mawe ya barafu, sehemu ndogo inarudi. Kwa kuwa mawimbi ya redio husafiri kama kilomita 300,000 kwa sekunde, mwangwi wa wingu lililo kilomita 100 hurudi kabla hata sehemu moja ya elfu ya sekunde haijaisha. Mashine inapima muda huo na kujua umbali. Sahani ilikuwa imeelekea wapi? Hapo inajua upande. Mwangwi ulikuwa na nguvu kiasi gani? Hapo inajua kama kuna kitu kidogo au kikubwa ndani ya wingu.

Sahani ikimaliza mzunguko, huinuliwa kidogo na kuzunguka tena, ili ione wingu kuanzia chini mpaka juu. Kazi yote huchukua dakika kadhaa. Kwa hiyo hata picha mpya kabisa ni ya dakika chache zilizopita.

RANGI ZINA MAANA GANI?

Picha ya kwanza ambayo watu huonyeshwa ni ya nguvu ya mwangwi. Tuiite picha ya mwangwi. Pembeni mwake kuna mstari wa rangi wenye namba, na herufi dBZ. Usiisome picha kabla ya kuutazama mstari huo, maana kila ofisi inaweza kuchagua rangi zake. Kwa kawaida huwa hivi:

- Karibu 20 (buluu au kijani hafifu): manyunyu au mvua nyepesi.
- Karibu 30 hadi 40 (kijani mpaka njano): mvua ya kawaida mpaka ya nguvu kidogo.
- Karibu 45 hadi 50 (rangi ya chungwa mpaka nyekundu): mvua kubwa.
- 55 na zaidi (nyekundu iliyoiva, zambarau au nyeupe): mvua kubwa mno, na huenda mawe yamo ndani.

Namba hizi hazipandi kama ngazi ya nyumba. Kila zikiongezeka kwa 10, nguvu ya mwangwi inazidishwa mara 10. Kutoka 20 hadi 50 nguvu imekuwa mara 1,000.

Jambo lingine: rada hushtuka sana ikiona kitu kikubwa. Tone likiwa na upana mara mbili ya mwenzake, mwangwi wake huwa mara 64. Kwa hiyo wingu lenye mawe machache makubwa linaweza kuonekana jekundu kuliko wingu lenye matone madogo mengi yanayojaza mtungi wako haraka zaidi. Rangi nyekundu inasema, "Humu kuna vitu vikubwa, au vitu vingi sana." Haisemi ni lita ngapi zitaanguka, wala haiapi kwamba ni mawe.

Rada za kisasa zimesaidia hapo. Hutuma mawimbi ya namna mbili, yanayotikisika kwa kulala na yanayotikisika kwa kusimama. Tone kubwa la mvua likianguka hubonyezwa na hewa likawa bapa kama andazi, kwa hiyo mwangwi wa wimbi lililolala huwa mkubwa zaidi. Jiwe la barafu hubingirika huku na huku, na mianzi yake miwili hukaribia kulingana. Mtaalamu akilinganisha, anaweza kusema kwa uhakika zaidi kama ni mvua au mawe. Lakini hiyo ni picha nyingine tofauti, na si mara nyingi hutumwa kwenye simu.

DOPPLER NI NINI?

Christian Doppler alikuwa mwanasayansi wa Austria. Mwaka 1842 alieleza jambo ambalo kila mtu aliyesimama kando ya barabara ya Kericho–Sotik analijua kwa masikio. Matatu ikija mbio huku inapiga honi, sauti ni nyembamba. Ikikupita, sauti inashuka ghafla na kuwa nzito. Dereva hakubadilisha honi. Mawimbi ya sauti yalisongamana ilipokuwa ikija, yakatawanyika ilipokuwa ikienda.

Rada ya Doppler inasikiliza mabadiliko kama hayo katika mawimbi ya redio. Matone yakija upande wa rada, mwangwi hubadilika namna moja. Yakienda mbali nayo, hubadilika namna nyingine. Hivyo mashine inajua upepo ulio ndani ya wingu unasukuma matone kwenda wapi na kwa kasi gani.

Matokeo yake ni picha ya pili, picha ya mwendo. Kwa kawaida kijani humaanisha matone yanaikaribia rada, na nyekundu humaanisha yanaiacha rada. Hapa ndipo watu wengi wanachanganyikiwa! Nyekundu ya picha ya mwangwi ni jambo moja; nyekundu ya picha ya mwendo ni jambo lingine kabisa. Ukiona picha ambayo nusu ni kijani na nusu ni nyekundu, na namba pembeni zinaanzia chini ya sifuri mpaka juu ya sifuri, jua ni picha ya mwendo. Wekundu wake hausemi lolote kuhusu mvua kubwa.

Pia kumbukeni: "kukaribia" ni kuikaribia rada, si kukukaribia wewe. Tuchukue mfano wa kufundishia tu. Tuseme rada imewekwa Kisumu. Wingu linatoka Londiani, linapita Kericho, linaelekea ziwani. Likiwa Londiani ni kijani, kwa sababu linakuja upande wa Kisumu. Likishapita Kericho, bado ni kijani, kwa sababu bado linakuja upande wa Kisumu. Lakini kwa mkulima wa Kericho hatari ya kwanza ilikuwa mbele, ya pili imekwisha kupita. Rangi ni ile ile.

Na kama matone yanasukumwa kukata mbele ya rada, bila kuikaribia wala kuiacha, picha ya mwendo huonyesha karibu sifuri hata kama upepo ni mkali. Kwa hiyo kujua wingu linaelekea wapi, mwanakijiji atumie njia rahisi: alinganishe picha mbili za mwangwi za saa tofauti.

MAMBO AMBAYO RADA HAIONI

Washa tochi usiku uielekeze juu kidogo tu. Karibu nawe mwanga uko chini na ni mdogo. Mbali, umeinuka na kutawanyika. Mwale wa rada ni vivyo hivyo, na dunia nayo inajipinda chini yake.

Rada ikielekeza mwale wake wa chini kwa pembe ya nusu digrii, basi kwenye umbali wa kilomita 100 katikati ya mwale huwa kilomita 1.5 hivi juu ya usawa wa rada. Kwenye kilomita 200 ni kama kilomita 4. Kwenye kilomita 300 ni karibu kilomita 8.

Chukueni mfano wa kweli. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ina rada Mwanza, kusini mwa Ziwa Victoria. Katika mradi wa HIGHWAY, ulioanza mwaka 2017 chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani na kuhusisha Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, rada hiyo ilisaidia sana kuelewa dhoruba za ziwani zinazoua wavuvi. Lakini kutoka Mwanza mpaka Kericho ni zaidi ya kilomita 300 kwa njia ya ndege. Mwale ukifika kwetu uko juu mno. Unaweza kugusa kichwa cha wingu refu na kukosa kabisa mawe yanayoanguka chini yake. Picha ikiwa safi juu ya Bomet na imetoka kwa rada ya mbali, usafi huo haukuhakikishii kitu.

Yapo mambo mengine pia:

1. Milima. Mlima ukisimama mbele ya rada, ulio nyuma yake umefichwa. Nchi yetu ya mabonde na vilima, kati ya Mau na Tinderet, si rahisi kwa rada.

2. Mwangwi wa uongo. Mlima wenyewe, mnara, hata kundi la ndege au wadudu linaweza kurudisha mwangwi. Doa lisilosogea hata kidogo kwa saa nzima huenda ni mlima.

3. Mvua inayoficha mvua. Kwa baadhi ya rada, hasa zile za mawimbi mafupi, mvua kubwa iliyo karibu hula nguvu ya wimbi, na wingu lililo nyuma yake huonekana dogo kuliko lilivyo.

4. Wingu linalozaliwa. Mawingu ya huku kwetu huweza kukua haraka. Picha ya saa saba haijui wingu litakalozaliwa saa nane.

SI KILA PICHA YA RANGI NI YA RADA

Picha nyingi zinazoitwa "rada" kwenye simu si za rada. Ziko za aina tatu, na ni vizuri kuzitofautisha.

Ya kwanza ni picha ya setilaiti. Hii hupigwa kutoka angani ikitazama vichwa vya mawingu. Rangi kali humaanisha kichwa cha wingu ni cha baridi, yaani kirefu. Inasaidia, na inafunika nchi nzima, lakini haioni ndani ya wingu kama rada.

Ya pili ni ramani ya utabiri. Kompyuta imepiga hesabu na kuchora mvua inayotarajiwa. Ukiona mawingu yanasogea mpaka kesho na kesho kutwa, hiyo ni hesabu, kwa sababu hakuna chombo kinachopiga picha ya kesho.

Ya tatu ndiyo rada yenyewe. Mara nyingi ina mviringo, na rada iko katikati yake. Kama hakuna jina la rada, hakuna saa, na hakuna mstari wa namba, usiitegemee.

MASWALI MANNE YA KUULIZA KILA PICHA

Haya ndiyo ya kukariri:

1. IMETOKA WAPI? Ni rada, setilaiti au utabiri? Kama ni rada, iko umbali gani na kijiji chetu?

2. NI YA SAA NGAPI? Picha nyingi huandikwa saa za dunia zinazoitwa UTC. Ongeza saa 3 upate saa ya Kenya, kisha uisome kwa Kiswahili. Kwa mfano, 10:00 UTC ni 13:00 ya Nairobi, yaani saa saba mchana. 12:00 UTC ni saa tisa alasiri. 14:00 UTC ni saa kumi na moja jioni.

3. RANGI INAPIMA NINI? Ni mwangwi au mwendo? Mstari wa namba unasema nini?

4. INAELEKEA WAPI? Picha iliyotangulia ilikuwa wapi? Picha moja peke yake haiwezi kujibu swali hili.

Na baada ya maswali hayo, inua macho. Tazama wingu lenyewe. Limesimama kama mnara? Tumbo lake limekuwa jeusi? Upepo wa baridi umeanza ghafla? Ngurumo inasikika? Rada haikukataza kutumia macho ambayo wazee walitumia kabla haijakuwepo.

ZOEZI LA KIKUNDI

Chukueni fimbo mchore ramani chini. Wekeni jiwe moja liwe kijiji chenu. Hatua moja ni kilomita 5.

Picha ya kwanza ina doa jekundu la mwangwi, 55 dBZ, kilomita 25 mashariki ya kijiji. Imeandikwa 11:20 UTC. Picha ya pili ina doa lile lile, sasa kilomita 15 mashariki. Imeandikwa 11:40 UTC. Picha zote mbili zimefika kwenye simu ya katibu saa tisa kamili alasiri. Je, mna muda gani?

Fanyeni hesabu kabla ya kusoma jibu.

Jibu: Wingu limetembea kilomita 10 kwa dakika 20. Hiyo ni kilomita 30 kwa saa. Kilomita 15 zilizobaki zitachukua dakika 30. Wengi watasema, "Tuna nusu saa, tumalize mistari hii." Lakini nusu hiyo ya saa ilianza kuhesabiwa 11:40 UTC, ambayo ni saa nane na dakika arobaini. Wingu litafika saa tisa na dakika kumi. Simu imelia saa tisa kamili. Mna dakika kumi tu!

Na yule asiyejua UTC atasoma 11:40 kuwa ni saa tano na dakika arobaini za asubuhi. Atasema, "Hii picha ni ya zamani," na kuifuta.

Rudieni zoezi, lakini sasa wingu likate kuelekea kusini na kukiacha kijiji. Mwone jinsi picha moja isingeweza kuwaambia tofauti.

WAKATI WA KUAMUA

Mavuno yanaweza kupotea yakarudi. Mtu harudi. Wingu la mawe karibu kila mara ni wingu la radi, na mchumaji aliye katikati ya shamba ndiye aliye mrefu kuliko vyote vilivyo karibu naye.

Kikundi kiweke kanuni yake mapema, kabla ya siku ya wingu. Tunapendekeza hii: ukiona umeme, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Gawanya kwa 3 upate kilomita. Zikiwa sekunde 30 au pungufu, radi iko ndani ya kilomita 10, na kazi isimame. Ingieni katika nyumba iliyofungwa vizuri au ndani ya gari. Msijikinge chini ya mti, wala kwenye banda lililo wazi pembeni. Rudini shambani dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Kanuni hii haihitaji simu wala mtandao, na hakuna picha safi inayoweza kuitangua.

Kuhusu majani: yaliyokwisha kuchumwa yapelekwe kituoni au chini ya paa mapema, kama maswali manne yanaonyesha hatari. Kama hayaonyeshi, endeleeni na kazi. Hofu nayo ina bei yake. Majani mawili na chipukizi yaliyoachwa leo kwa ajili ya picha isiyoeleweka, kesho kutwa yamekomaa, na karani atayakataa.

DAFTARI LA MAWE

Tumeona kwamba mwale wa rada ya mbali hupita juu ya vichwa vyetu. Basi nani ataona kilichoanguka chini? Ni sisi wenyewe. Kila kikundi kinunue daftari moja. Kila mvua ya mawe ikinyesha, katibu aandike:

- Tarehe, saa ilipoanza na saa ilipoisha.
- Wingu lilitoka upande gani na kuelekea upande gani.
- Ukubwa wa mawe: kama punje ya mahindi, kama harage, au zaidi. Kama una rula, pima.
- Mashamba yaliyopigwa na yaliyopona.
- Kipimo cha mvua, kama mna mkebe ulionyooka na rula. Milimita moja ni sawa na lita moja kwa kila mita moja ya mraba.
- Kama kulikuwa na picha kwenye simu: ilionyesha nini, na ya saa ngapi?

Baada ya misimu miwili mitatu mtaanza kuona njia za mawe katika kata yenu: shamba lipi hupigwa mara kwa mara, na wingu la upande gani ndilo la kuogopwa. Pelekeni nakala kwa ofisi ya hali ya hewa ya kaunti yenu, na kwa afisa wa ugani wa kiwanda chenu. Mtaalamu wa rada popote duniani anahitaji mtu wa chini amwambie kama kweli mawe yalianguka. Bila mtu huyo, hata yeye anabaki akikisia.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kikundi chetu, nani hutuma picha za mawingu? Je, tukubaliane kwamba asitume picha isiyo na jina la chombo na saa?
2. Picha safi na picha nyekundu: ni ipi imewahi kutuletea hasara zaidi, na kwa nini?
3. Ni nani atakayehesabu sekunde za radi siku ambayo mwenyekiti hayupo?
4. Wasio na simu shambani watapataje habari? Je, kengele, filimbi au kipande cha reli kilichotundikwa kinaweza kutumika?
5. Nani ataweka daftari, na litasomwa lini mbele ya wanakikundi?

Kikundi kikishajibu swali la tatu na la tano kwa majina ya watu, somo hili limefanya kazi yake. Tunawatakia msimu mwema.